Mpeni Dereva Ushahidi Kabla ya Kumuuliza Kama Ni Kweli

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Jaji Mfawidhi wa Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara. Waheshimiwa Mahakimu Wafawidhi wa Mtwara na Lindi. Makamanda wa Polisi wa mikoa yote miwili na wakuu wa usalama barabarani walio chini yao. Viongozi wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Na mameneja wa wakala za barabara, TANROADS na TARURA.

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni mawakili wa kujitegemea na wasaidizi wa kisheria tunaoshughulika na kesi za madereva wa Mtwara na Lindi: wa malori ya korosho, saruji na makaa ya mawe, wa mabasi na Noah, na vijana wa bodaboda. Jambo letu ni moja. Dereva anaulizwa "ni kweli au si kweli?" kabla hajaonyeshwa anashtakiwa kwa ushahidi gani. Picha ya tochi, ile mashine ya kupima mwendo, hajaiona, mchoro wa ajali hajauona, ripoti ya mkaguzi wa magari hajaisoma. Anajibu "ni kweli" kwa sababu gari limelala kituoni, bosi anapiga simu kila saa, na nauli ya kurudi mahakamani baada ya siku 14 hana. Tunaomba utaratibu huo ubadilike. Hauhitaji sheria mpya. Unahitaji karatasi chache zitoke mapema.

Tusieleweke vibaya. Kuanzia Mnazi Mmoja, Mtama, Nyangao, Ndanda hadi Masasi vijiji vimejipanga kandokando ya lami, na watoto wanavuka barabara kwenda shule. Dereva aliyeua kwa uzembe atiwe hatiani, tena upesi. Lakini mtu akikiri kwa uchovu tu, hakuna anayejua kosa lilikuwa nini hasa, na kesi ya namna hiyo ikifika rufani huporomoka.

Tuanze na notifikesheni, maana ndiko wengi wanakoishia. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamruhusu askari kumwandikia mtu kosa na kumpa nafasi ya kulipa badala ya kushtakiwa: Sh 30,000 kwa kosa la gari, na Sh 10,000 kwa bodaboda na bajaji tangu punguzo la mwaka 2021. Hiyo ni nafasi aliyopewa, hajaamriwa. Anayekana kosa ana haki ya kupelekwa mahakamani. Tatizo ni kwamba kontrol namba, yaani namba ya malipo, inatoka palepale na deni linakaa kwenye namba ya gari. Aliyeandikiwa Mchinga akifika Nangurukuru, askari anaangalia mfumo, anaona gari linadaiwa, habari imeisha. Mwenye gari analipa ili safari iendelee, kisha anamkata dereva mshahara. Haki ya kupinga inabaki kwenye karatasi.

Tunaomba hivi: dereva akisema "napinga", neno hilo liandikwe kwenye nakala zote mbili, pamoja na jina la mahakama na tarehe ya kufika. Deni lake kwenye mfumo lisomeke kwamba linapingwa, ili askari wa mbele asilishike gari. Tarehe ile ikifika na hati ya mashtaka haijapelekwa, deni lifutwe.

Sasa tochi. Hapa tunaomba uvumilivu wenu, kwa sababu kesi nyingi za mwendo zinaendeshwa kana kwamba mashine haiwezi kukosea, na utetezi nao mara nyingi unashika hoja isiyo na maana.

Mashine ziko za aina mbili, na kila moja ina namna yake ya kukosea. Ya rada hutoa mawimbi yanayotanuka kadiri yanavyokwenda mbali. Yakifika mita 300 yamefunika barabara yote, na namba ya mwendo inayosomeka inaweza kuwa ya lori kubwa la nyuma wakati anayesimamishwa ni mwenye bajaji aliye mbele yake. Kwa hiyo askari wa rada lazima aeleze mahakamani: barabara ilikuwa na magari mangapi wakati ule, na alijuaje namba ni ya gari lipi? Ya leza ina mwale mwembamba. Mwale wenye utanukaji wa miliradiani 3 unakuwa na upana wa takriban sentimeta 90 ukifika mita 300, unatosha kuchagua gari moja. Kosa lake liko mkononi mwa anayepima: mwale ukiteleza ubavuni mwa basi refu wakati mashine inahesabu, badiliko lile la umbali linaingizwa kwenye mwendo. Dawa yake ni mashine kuwekwa juu ya stendi, na picha kuonyesha alama ya msalaba ikiwa juu ya kibati cha namba.

Kuna hoja ya pembe, ambayo wenzetu wengi huipenda: kwamba askari alikaa kando ya barabara, hivyo kipimo si sahihi. Askari aliyesimama akipima gari kwa pembe, mashine humpunguzia dereva. Gari la kilometa 80 kwa saa likipimwa kwa pembe ya digrii 10 husomeka karibu 79. Kwa digrii 20, karibu 75. Wakili anayesema pembe imemwonea mteja wake anapoteza muda wa mahakama, na anamfundisha hakimu kutowasikiliza mawakili wanaokuja na hoja ya kweli.

Hoja ya kweli ni kwamba picha ya asili haionekani. Anayepima anakaa sehemu moja, anayesimamisha magari yuko kilometa kadhaa mbele, na kilichoko mkononi mwake ni picha iliyotumwa kwa WhatsApp. Picha ikipita huko hubanwa, na taarifa zilizofichwa ndani ya faili la asili huondolewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama iangalie jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyotumwa kabla ya kuipa uzito. Kwa hiyo shahidi wa lazima ni yule aliyeshika mashine. Aliyesimamisha gari anathibitisha kwamba gari lilisimama na nani alikuwa usukani, basi. Picha iletwe kutoka kwenye mashine yenyewe, ikiwa na mwendo, umbali, tarehe, saa na mahali, pamoja na namba ya mashine na cheti kinachoonyesha mara ya mwisho ilipimwa usahihi lini.

Na kibao cha mwendo. Ndani ya makazi mwendo ni kilometa 50 kwa saa. Malori mazito yanayozidi kilo 3,500 na magari ya abiria hayaruhusiwi kuvuka 80 hata nje ya makazi. Dereva anayekuja na 80 halali akakutana na kibao cha 50 anahitaji takriban mita 75 kushuka taratibu bila kumwangusha abiria aliyesimama, na lori lenye shehena linahitaji zaidi. Dereva mwangalifu huanza kupunguza akishakiona kibao. Lakini kibao kikiwa kimemezwa na majani wakati wa masika, kimegongwa na lori, au nguzo yake imeng'olewa ikauzwe chuma chakavu, anapunguza vipi? Tunaomba TANROADS kwa barabara kuu, na TARURA kwa barabara za wilaya na mitaa, waweke kwenye masjala za mahakama orodha ya vibao vya mwendo: kilometa kilipo, na tarehe kilipokaguliwa mara ya mwisho. Ukurasa mmoja kwa kila barabara unatosha. Askari naye aandike alipima gari likiwa mita ngapi kupita kibao.

Kesi za ajali ndizo nzito, na ndipo mchoro wa ajali unapoamua kama mtu ataenda jela.

Chukua alama ya breki yenye urefu wa mita 20 kwenye lami. Kukadiria mwendo, zidisha urefu huo kwa kiwango cha msuguano, zidisha kwa 254, kisha tafuta kipeuo cha pili. Lami kavu na safi ina msuguano wa takriban 0.7, na jibu linakuja karibu kilometa 60 kwa saa. Lami ile ile ikiwa na mchanga juu yake, kama ilivyo sehemu nyingi za Mtwara njia za vumbi zinapoingia barabara kuu, msuguano unaweza kushuka hadi 0.45, na jibu linakuwa karibu 48. Alama ni ileile, lakini dereva mmoja amevunja sheria ndani ya makazi na mwingine hakuivunja. Sasa mchoro usiposema kama kulikuwa na mchanga, hakimu atajua nini? Na urefu unaoandikwa kwa kuhesabu hatua badala ya kupimwa kwa futikamba unaweza kuhama mita mbili tatu, hesabu nzima ikahama nayo. Isitoshe, gari lenye breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasijifunge, huacha alama hafifu au lisiache kabisa, hivyo kukosekana kwa alama si ushahidi kwamba dereva hakushika breki.

Jambo jingine linalosahaulika ni umbali wa kuonekana. Dereva wa kawaida huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone hatari hadi mguu ukandamize breki. Kwa mwendo wa 80 hapo tayari amesafiri mita 33, na atahitaji nyingine 36 kusimama kwenye lami nzuri na kavu: karibu mita 70 kwa jumla. Kwa mwendo wa 50 ni kama mita 35. Mtoto akitokea nyuma ya mkorosho mita 25 mbele ya gari, hata dereva wa 50 hawezi kusimama. Hapo swali linahamia kwingine: je, pale kulikuwa na shule, watu pembeni, alama ya kuvukia, kitu chochote cha kumwambia apunguze zaidi? Hilo ndilo swali la uzembe. Haliwezi kujibiwa na mchoro unaoonyesha barabara, mshale na alama ya X.

Tunaomba mchoro uwe na vitu hivi kila mara: sehemu moja isiyohama ya kuanzia vipimo, kama nguzo ya umeme, kalvati au jiwe la kilometa, upana wa lami na wa bega la barabara, mahali gari lilipogongana na mtu au gari jingine, na jinsi askari alivyopajua (vioo, damu, mkwaruzo, au kaonyeshwa na shahidi fulani), urefu wa kila alama ya breki, hali ya lami, saa na mwanga, na umbali ambao dereva angeweza kuona. Usiku iandikwe kama taa za gari ziliwaka, na kama lori lililoharibika barabarani liliwekewa pembetatu zinazong'aa au matawi tu. Dereva asaini akiwa palepale, au iandikwe kwa nini hakusaini. Pale ambapo mchoro umechorwa kituoni siku ya pili, useme hivyo.

Ripoti ya ukaguzi wa gari nayo, ile ya PF 93, mara nyingi ina mstari mmoja: gari lilikuwa zima kabla ya ajali. Uzima umejulikanaje? Kwa lori la breki za upepo tunahitaji kujua presha iliyobaki kwenye tangi, paipu zilizopasuka na kama mpasuko ni mpya au una vumbi na grisi ya zamani ndani yake, hali ya diaframu za chemba za breki, na unene wa lainingi. Kwa gari dogo, kiwango cha mafuta ya breki na mahali yalipovuja. Mpasuko mpya unaweza kuwa umetokana na kugonga. Wa zamani ulikuwapo kabla. Tofauti hii ni ya kisheria kabisa: hitilafu ya ghafla ambayo dereva mwangalifu asingeweza kuigundua ni utetezi, lakini breki aliyoijua kuwa mbovu tangu alipopakia mzigo inamwongezea lawama. Mkaguzi akiandika alichokagua, pande zote mbili zitanufaika. Gari lisivutwe wala kuwashwa kabla hajafika, kwa sababu likishavutwa, paipu iliyokatika haisemi tena ilikatika lini.

Tukija kwenye hati ya mashtaka, tatizo ni maneno ya jumla. "Aliendesha gari kwa uzembe na kumgonga mtembea kwa miguu" haimwambii mshtakiwa uzembe wake ulikuwa nini. Alikuwa na mwendo mkali? Alilipita gari jingine penye kona? Alikuwa anatazama simu? Ajali peke yake haithibitishi uzembe, na kifo peke yake hakithibitishi uendeshaji wa hatari. Waendesha mashtaka waandike tendo lenyewe. Kama hawalijui, upelelezi bado.

Halafu inafika siku ya kusomewa. Utaratibu unajulikana tangu hukumu ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973: shtaka lisomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, mwendesha mashtaka aeleze maelezo ya kosa, mshtakiwa aulizwe kama anayakubali au ana la kuongeza, ndipo atiwe hatiani. Kinachoharibika ni hatua mbili za katikati. Mshtakiwa anasema, "Ni kweli nilimgonga, ila alikatiza ghafla," na kwenye jalada linaingia "Ni kweli". Amekubali kugonga. Hajakubali uzembe. Jibu hilo ni la kukana, na hakimu alipaswa kuandika kwamba amekana. Au maelezo ya kosa yanasomwa kwa kurudia hati ya mashtaka neno kwa neno, bila mchoro, bila PF 3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, bila ripoti ya daktari kuhusu kifo, hivyo mtu anakubali maelezo ambayo hayana kosa ndani yake. Katika Laurence Mpinga dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1983, Mahakama Kuu ilitaja mazingira ambayo aliyekiri anaweza kukata rufani dhidi ya kutiwa hatiani, na kukiri kusikokamilika au kwenye utata ni mojawapo. Muda wa rufani kutoka Mahakama ya Wilaya ni siku 10 kwa notisi na siku 45 kwa sababu za rufani. Dereva anayeishi Songea, aliyekiri Masasi akaondoka na gari jioni ileile, hajui hata kama siku hizo zipo. Tunaomba aambiwe, kwa sauti na kwa Kiswahili cha kawaida, kabla hajatoka kizimbani.

Lazima tuseme pia kuhusu wenye magari na bima. Baada ya ajali, wanaodai fidia huombwa ripoti za polisi na mara nyingi nakala ya hukumu. Basi kila mtu anamhimiza dereva akiri: mwenye gari anataka gari litoke, ndugu wa marehemu wanataka karatasi za bima, na yeye anaahidiwa kwamba faini italipwa. Asichoambiwa ni kwamba chini ya Sheria ya Ushahidi, muda wa rufani ukishapita, hukumu hiyo ya jinai inakuwa uthibitisho kamili wa hatia yake hata kwenye kesi ya madai, na leseni yake iko hatarini. Tunawaomba mahakimu wamuulize mshtakiwa swali moja zaidi pale anapokiri kosa lililosababisha kifo au majeraha: nani amekushauri ukiri, na umeuona ushahidi? Sekunde 30 hazicheleweshi haki. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inasema mtu apewe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na asiyejua kuna nini kwenye jalada hana cha kusema kikamilifu.

Dhamana na vielelezo tutavitaja kwa kifupi. Makosa haya yana dhamana. Kudai mdhamini awe mkazi wa wilaya ileile kunamfunga dereva wa masafa kabla ya hukumu. Barua ya mtendaji wa kata ya kwao na kitambulisho cha NIDA vinaweza kuhakikiwa kwa simu. Pikipiki za bodaboda zisigeuke kutu uani kituoni, na pwani yetu hii ya chumvi kutu haichelewi: zipigwe picha, zikaguliwe, mwenye chombo asaini ahadi ya kukileta kikihitajika, aondoke nacho. Na kijana aliyeshtakiwa kwa kukosa bima apewe nafasi ya kuhakiki namba yake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, mbele ya karani, kwa sababu herufi moja ya namba ya pikipiki ikikosewa wakati wa kusajili, bima iliyolipiwa haionekani.

Tunachopendekeza ni fomu ya ukurasa mmoja, iambatanishwe na kila hati ya mashtaka ya usalama barabarani, mshtakiwa apewe nakala angalau siku moja kabla ya kusomewa. Iwe na tendo analodaiwa kutenda. Jina la askari aliyeona au aliyepima. Namba ya mashine na picha, kama ni mwendo. Mchoro na PF 93, kama ni ajali. PF 3 au ripoti ya kifo. Na mstari wa mwisho ambapo mshtakiwa anasaini kwamba ameviona, si kwamba amevikubali. Kama nyaraka hazijawa tayari, shtaka lisisomwe siku hiyo, na dereva arudishiwe gari lake kwa ahadi.

Rasimu ya fomu hiyo tutaiwasilisha masjala ya Mahakama Kuu Mtwara na kwa wakuu wa usalama barabarani wa mikoa yote miwili. Tunaomba tukae pamoja, waendesha mashtaka, wakaguzi wa magari na wawakilishi wa madereva wakiwamo, kabla minada ya korosho haijafunguliwa Oktoba. Malori yakishaanza kushuka kutoka Newala, Tandahimba na Nachingwea kuelekea bandarini, hakuna hata mmoja wetu atakayepata nafasi ya kukaa.

Wenu katika kutafuta haki,

Mawakili wa kujitegemea na wasaidizi wa kisheria, Mtwara na Lindi